Kasi na Kina: Filamu ya Lola rennt na Historia ya Mtazamaji wa Afrika Mashariki, Ikitazamwa kutoka Mtambile, Pemba

1. Utangulizi

Mnamo Agosti 1998 filamu ya Kijerumani Lola rennt, yaani "Lola Anakimbia", ilianza kuoneshwa katika kumbi za sinema za Ujerumani. Mwongozaji wake ni Tom Tykwer, na urefu wake ni takriban dakika 80. Kisa chake kinaweza kusimuliwa kwa sentensi moja: msichana wa Berlin ana dakika 20 za kupata maki 100,000, la sivyo mpenzi wake atauawa na mhalifu anayezisubiri fedha hizo. Lola anakimbia mara tatu, na kila mara matokeo yanakuwa tofauti. Muziki ni wa tekno, picha zinakatwa kwa kasi, na katuni zinaingia katikati ya picha za watu halisi.

Filamu hii ilipendwa na watazamaji wengi ndani na nje ya Ujerumani, lakini pamoja na sifa ilipata lawama moja iliyorudiwa mara kwa mara: kwamba ni mtindo mtupu, kwamba inakimbia kwa sababu haina la kusema. Kwa istilahi zilizozoeleka katika uhakiki wa Kiswahili, lawama hiyo inadai kuwa fani imemeza maudhui.

Insha hii inachunguza hukumu hiyo kwa njia ya historia. Hoja yake ni kwamba katika Afrika Mashariki kauli kuwa kasi haipatani na kina haikuanza kama kauli juu ya filamu, bali ilianza kama kauli juu ya watazamaji, hasa watazamaji wa vijijini. Kwa sababu hiyo Mtambile, katika Wilaya ya Mkoani, Mkoa wa Kusini Pemba, imechukuliwa hapa kuwa mahali pa kutazamia. Mtambile si mji wa bandari. Ipo kando ya barabara inayounganisha Chake Chake na Mkoani, hapo inapochepuka njia ya kwenda Kengeja, katikati ya nchi ya mikarafuu. Mtu wa mahali kama hapo ndiye aliyekusudiwa na wataalamu wa filamu wa kikoloni walipozungumzia "mtazamaji wa Kiafrika". Inafaa basi kuuliza kasi ya filamu ina maana gani ikitazamwa kutoka kwake.

2. Mtazamaji aliyedhaniwa hawezi

Kati ya mwaka 1935 na 1937 jaribio kubwa la kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika lilifanyika Tanganyika. Mradi huo, uliojulikana kwa kifupi cha BEKE, uliongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham, ukapata fedha kutoka Shirika la Carnegie la Marekani, na makao yake yakawa Vugiri katika milima ya Usambara. Filamu fupi 35 zilitengenezwa. Zilihusu kilimo, afya, kuweka akiba na mwenendo mwema, na maelezo yake yaliwekwa katika santuri kwa lugha mbalimbali za Kiafrika. Lori lenye mitambo lilizunguka na filamu hizo katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kati.

Mwaka 1939 Serikali ya Uingereza ilianzisha Idara ya Filamu ya Makoloni, iliyodumu hadi 1955. Kiongozi wake, William Sellers, alikuwa ametumia filamu katika kazi ya afya Nigeria kabla ya hapo. Kutokana na uzoefu huo alijenga nadharia iliyokuja kuwa mwongozo wa idara: mtazamaji asiyejua kusoma apewe picha ndefu zisizokatwa ghafla, jambo moja kwa wakati mmoja, mwendo wa polepole, na pasiwe na hila yoyote ya kamera inayobadili muda au mahali bila kuonesha njia iliyopitwa. Mtu akitoka chumbani na kufika sokoni, sharti aonekane akitembea.

Jambo la kuzingatiwa katika nadharia hiyo ni mahali ilipoweka upungufu. Filamu ya polepole haikusifiwa kwa kuwa ni bora kwa watu wote. Filamu za kasi ziliendelea kuoneshwa London bila pingamizi. Upungufu uliwekwa katika akili ya mtazamaji wa kijijini, aliyedhaniwa hawezi kuunganisha picha mbili zisizofuatana moja kwa moja. Hivyo kasi ikafanywa kuwa mpaka: upande mmoja walikuwa watu waliohesabiwa kuwa wanaweza kufikiri upesi, na upande wa pili wale waliopaswa kusubiriwa.

3. Ukumbi wa mjini na barabara ya shamba

Nadharia hiyo ilikanushwa na mwenendo wa watazamaji wenyewe. Zanzibar ilikuwa na sinema za biashara tangu mwanzo wa karne ya 20. Mwaka 1921 jengo la Royal, lililosanifiwa na J. H. Sinclair, lilifunguliwa katika mji wa Unguja, na kumbi nyingine zilifuata. Utafiti wa Laura Fair juu ya sinema za miji ya Tanzania, uliotoka kama kitabu mwaka 2018, umeonesha kuwa watazamaji wa miji hiyo walifuata filamu za Kihindi, za Kimisri na za Kimarekani kwa makini makubwa, wakazijadili barazani na nyumbani, na wakapima maisha yao kwa mizani ya yale waliyoyaona. Filamu za Kihindi zilikuwa na nyimbo, kumbukumbu za nyuma, ndoto na kuruka kwa muda, mambo yaleyale ambayo idara ya Sellers iliyaona kuwa yangemchanganya Mwafrika. Wengi hawakujua Kihindi, na bado walitoka ukumbini wakiwa na hoja za kubishania.

Hata hivyo, kumbi za kudumu zilikuwa ni taasisi za mijini. Mkaazi wa shamba aliyetaka kuona filamu alilazimika kusafiri hadi mjini, au kungoja gari la serikali lenye filamu za mafunzo. Kwa hiyo tofauti ya mji na shamba haikuwa ya uwezo wa kuelewa, bali ya barabara, nauli na umeme. Hali hiyo ilibadilika kwa hatua. Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, takriban miaka 20 kabla ya Tanzania Bara kuwa na kituo chochote cha televisheni. Baadaye zikaja kanda za video, kisha diski, na mwisho simu za mkononi.

Video nayo ilileta mtaalamu mpya wa kasi: msimuliaji wa filamu. Katika mabanda ya video ya Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, aliyefahamika zaidi kwa jina la Lufufu, alisimulia kwa Kiswahili filamu za Hong Kong, India na Marekani huku zikiendelea kuoneshwa, na masimulizi yake yakarekodiwa na kuuzwa. Kazi hiyo, ambayo Matthias Krings wa Ujerumani ameiandikia kwa kina, haikupunguza mwendo wa filamu. Msimuliaji aliongeza kasi juu ya kasi: alitafsiri, alitania, aliwapa wahusika majina na nia, na aliziba mapengo ya kisa papo hapo. Wakati wakala wa kikoloni alisimama kando ya pazia ili kupunguza mwendo kwa ajili ya wasioweza, Lufufu alisimama kando ya pazia akijua kuwa wasikilizaji wake wanaweza kufuata mambo mawili kwa pamoja.

4. Berlin, 1998: kilichomo ndani ya mbio

Baada ya kubainisha asili ya shaka dhidi ya kasi, inafaa kurejea kwenye Lola rennt na kuichambua filamu yenyewe. Katika mbio za kwanza Lola anashindwa kupata fedha kwa baba yake aliye mkuu katika benki, anashiriki wizi wa duka pamoja na mpenzi wake Manni, na anapigwa risasi na polisi. Katika mbio za pili anaiba benki ya baba yake, lakini Manni anagongwa na gari la wagonjwa. Katika mbio za tatu Lola anashinda fedha katika kamari, na Manni anazipata zile zilizopotea kutoka kwa fukara aliyeziokota. Wote wawili wanabaki hai, na fedha zinasalia.

Mambo matatu yanaonesha kuwa fani ya filamu hii inabeba maana. La kwanza ni kumbukumbu. Katika mbio za kwanza Lola hajui kuondoa kizuizi cha usalama cha bastola na Manni anamwelekeza. Katika mbio za pili mkono wake unajua. Hakuna anayelieleza jambo hilo kwa maneno, na picha yenyewe inapita katika muda mfupi mno. Lakini mtazamaji akiliona, anatambua kuwa mbio hizi si mchezo unaoanza upya kila mara, kwani maarifa ya kushindwa yamebaki mwilini.

La pili ni bahati na utu. Katika mbio za tatu mwanamke kipofu, aliyemkopesha Manni kadi ya simu, anamshika mkono na kumzuia kidogo. Kwa kuzuiwa huko Manni anageuka na kumwona fukara akipita na baiskeli. Katika filamu inayokimbia muda wote, wokovu unakuja kwa kusimama, na anayemsimamisha kijana ni mtu asiyeona. Kituo hicho kisingekuwa na uzito iwapo filamu nzima ingekwenda polepole.

La tatu ni mji. Njia anayopita Lola haiwezekani kijiografia, kwa kuwa mitaa ya pande mbalimbali za Berlin imeunganishwa kana kwamba inapakana. Miongoni mwa mahali anapopita ni daraja la Oberbaum, lililounganisha Friedrichshain ya Mashariki na Kreuzberg ya Magharibi. Hadi ukuta ulipoanguka mwaka 1989 daraja hilo lilikuwa mpakani. Miaka tisa baadaye msichana anakimbia hapo bila kusimamishwa na yeyote. Mkato wa picha, ule uliolaumiwa kuwa ni urembo, ndio unaoushona mji uliokuwa umegawanywa.

Historia hiyo si ngeni kwa Zanzibar. Mara baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, na kutoka huko wakaja wataalamu na misaada. Nyumba za ghorofa zilijengwa Kikwajuni na kwingineko Unguja, na fleti za mtindo kama huo zikajengwa pia katika miji ya Pemba, ikiwemo Mkoani na Wete. Muungano wa Aprili 1964 ulipozikutanisha serikali mbili zilizokuwa na uhusiano na Ujerumani mbili tofauti, uliibuka mgogoro wa kidiplomasia uliosababisha Ujerumani Magharibi kuondoa msaada wake wa kijeshi mwaka 1965, na Mwalimu Nyerere akakataa msaada wenye masharti. Msafiri atokaye Mtambile kwenda bandarini Mkoani anayaona majengo yenye nasaba ya nusu moja ya ule mji ambao Lola anaukimbia wote. Kwa mtazamaji huyo, daraja la Oberbaum linaweza kuwa na maana ambayo mhakiki aliyeilaumu filamu kwa kukosa kina hakuitazamia.

5. Mbio tatu na mapokeo ya masimulizi

Wahakiki wengi walilinganisha muundo wa mbio tatu na mchezo wa kompyuta, na ulinganisho huo ukatumika kama ushahidi wa wepesi wa filamu. Ulinganisho mwingine upo. Katika ngano za Kiswahili safari hurudiwa, wimbo uleule huimbwa tena, mlango uleule hubishwa, na tofauti ndogo katika marudio ya tatu ndiyo huamua kisa. Msikilizaji wa ngano hachoshwi na marudio, kwani kazi yake ni kuvizia kilichobadilika. Mtu aliyelelewa na paukwa pakawa ana zana za kuisoma Lola rennt kabla hajaambiwa chochote juu ya sinema ya Ujerumani.

Pemba ina hoja ya ziada katika suala hili. Katika karne ya 19 kisiwa hiki kilikuwa na washairi wa kujibizana, Kamange na Sarahani, ambao kazi zao zimehifadhiwa katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba, kilichochapishwa mwaka 2011. Katika ushairi wa majibizano vina, mizani na wepesi wa kujibu si mapambo yaliyowekwa juu ya hoja. Anayeshindwa na vina ameshindwa na hoja. Mapokeo hayo yanakubaliana na mtazamo unaohusishwa na F. E. M. K. Senkoro, unaoziona fani na maudhui kuwa pande mbili za sarafu moja, kuliko ule unaoifanya fani kuwa gamba la yai. Kauli kwamba filamu ina "mtindo bila kina" inategemea mfano wa gamba na kiini. Panapokosekana mgawanyo huo, kauli yenyewe inahitaji kuthibitishwa upya.

6. Kutoka Berlin hadi Nairobi

Uhusiano wa Tykwer na Afrika Mashariki si wa kulinganisha tu. Yeye na Marie Steinmann walianzisha kampuni ya One Fine Day Films, iliyoshirikiana na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi na, katika mafunzo, na DW Akademie ya Ujerumani. Filamu ya kwanza, Soul Boy ya mwaka 2010, iliongozwa na Hawa Essuman kwa mswada wa Billy Kahora. Kijana Abila wa Kibera anagundua kuwa baba yake amepoteza roho yake, na anapewa majukumu saba ya kutekeleza ili kuirejesha. Mtu mmoja, muda mfupi na maisha ya mpendwa rehani: mfupa wa Lola rennt unaonekana, ila nyama yake ni ya Kibera, na mzimu anayehusika, Nyawawa, ni wa mapokeo ya Waluo.

Filamu ya pili, Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliongozwa na David Tosh Gitonga na ikawa filamu ya kwanza kupelekwa na Kenya kugombea tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Joseph Wairimu, aliyeigiza kama Mwas, alipata tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban. Mwas anauza diski za filamu kijijini kwa kuziigiza mbele ya wateja: ni ndugu wa Lufufu. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaporwa siku ya kuwasili, anatupwa mahabusu, kisha anajiunga na genge la wezi wa vipuri na magari, huku akifanya mazoezi ya tamthilia katika ukumbi wa watu wenye nafasi. Lugha ni Kiswahili, Kikuyu, Sheng na Kiingereza, na mwendo ni wa kasi.

Hapa ndipo tofauti ya msingi inapojitokeza. Lola anapokufa, filamu inarudi mwanzo. Vijana wenzake Mwas wanapopigwa risasi na polisi, hakuna kinachorudi. Mwas anapanda jukwaani akiwa amewaacha wafu nyuma yake, na hana mbio ya pili. Nairobi ya filamu hii haiwapi vijana wa genge nafasi tatu, na uhai wao unauzwa kati ya askari na wahalifu. Gitonga amerithi kasi ya Tykwer lakini amekataa rehema yake. Ikilinganishwa hivyo, udhaifu halisi wa Lola rennt unaonekana vizuri zaidi kuliko katika lawama ya kawaida. Udhaifu huo si wingi wa mikato, bali ni kwamba kifo ndani yake kinafutika. Wapita njia ambao hatima zao zinaoneshwa kwa msururu wa picha za mnato wanakuwa mzaha wa sekunde chache, kwa sababu maisha yao yanaweza kubadilishwa bila yeyote kulipa.

Swali la mamlaka nalo lazima liulizwe. Fedha za Ujerumani na mafunzo ya Ujerumani kwa watengenezaji filamu wa Afrika yanaweza kukumbusha Vugiri ya mwaka 1935. Kufanana kupo: mwenye fedha anatoka nje, na kigezo cha ubora kinaweza kuja pamoja na fedha. Tofauti nayo ipo, na ni nzito. BEKE ilitengeneza filamu juu ya mtazamaji iliyemdhania, na waongozaji wake hawakutoka miongoni mwa watazamaji hao. Nairobi Half Life iliongozwa na Mkenya, ikaigizwa kwa lugha za mtaa bila kuzisafisha, na ikadai kutoka kwa mtazamaji uwezo wa kufuata lugha nne na maisha mawili ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Utegemezi wa fedha haujaisha, lakini dharau dhidi ya mtazamaji imeondolewa katika mwendo wa picha.

7. Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa inaonesha kwamba hukumu ya "mtindo kuliko kina" haikuingia Afrika Mashariki ikiwa safi. Ilikuta hapa nadharia ya kikoloni iliyogawa watazamaji kwa kasi, ikawapa wa mijini sinema na wa shamba mafunzo ya polepole. Mhakiki wa leo anayeipuuza filamu kwa sababu inakimbia yuko hatarini kuirudia nadharia hiyo bila kujua, hasa anapoipa jina la kuwalinda watazamaji wa vijijini au vijana.

Kigezo kinachopendekezwa ni kingine: si filamu inakwenda kwa kasi gani, bali kasi hiyo inamgharimu nani, na kiasi gani. Kwa kigezo hicho Lola rennt ina kina katika kumbukumbu, katika mkono wa mwanamke kipofu na katika daraja la mpakani, na inapungukiwa pale inapofanya kifo kuwa cha muda. Nairobi Half Life inapita mbali zaidi kwa sababu inakimbia vilevile huku ikijua kuwa hakuna kurudia. Kwa idara za Kiswahili zinazofundisha fani na maudhui, filamu hizi mbili zinafaa kusomwa pamoja, na zisomwe hadi shule za shamba kama za Mtambile, ambako kwa muda mrefu iliamuliwa kwa niaba ya watu kwamba waoneshwe polepole.